Kompyuta na Ilifuate Faili la Muziki

Tangu wamisionari wa Moravian walipofungua kituo chao cha Rungwe mwaka 1891, nyimbo za kwaya zimekuwa sehemu ya maisha ya watu wa Tukuyu na vijiji vyake. Sehemu ya urithi huo imo katika kanda za kaseti, na hali ya hewa ya huko si rafiki wa kaseti. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, unyevu hauondoki nyumbani, na kuvu huota juu ya utepe. Ni jambo la busara, basi, kuzihamishia kanda hizo katika kompyuta kabla hazijaoza.

Lakini kazi hiyo ikiisha, aghalabu husikika malalamiko. Wimbo unakwaruza, au unakwenda mbio kidogo, na mzee wa besi anasikika kijana. Lawama huangukia kanda, kisha spika, kisha fundi. Ni wachache wanaofikiri kuchungulia nambari moja ndogo iliyomo katika mpangilio wa sauti wa kompyuta, nayo ndiyo ingepasa kuchunguliwa kwanza.

Kompyuta haihifadhi sauti kama mfereji unaopitisha maji. Hupima nguvu ya wimbi la sauti mara nyingi katika kila sekunde na kuandika kila kipimo kama tarakimu. Vipimo hivyo huitwa sampuli. Diski za muziki, kwa kanuni waliyopatana Sony na Philips mwaka 1980, huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde. Sauti za sinema na video huchukua 48,000. Harry Nyquist mwaka 1928, na Claude Shannon mwaka 1949, walionyesha msingi wa jambo hili: ili wimbi liweze kurudishwa lilivyokuwa, idadi ya sampuli lazima ipite mara mbili ya mitetemo ya juu kabisa iliyomo. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo 44,100 yatosha. (Nambari hiyo isiyo ya kawaida ilitokana na mitambo ya kurekodia video iliyotumiwa kuhifadhi sauti za tarakimu wakati huo, wala haina siri nyingine yoyote.)

Sasa, kompyuta yaweza kuwa imepangwa kutoa sampuli 48,000 kwa sekunde, na faili la kwaya lina 44,100. Uwiano wake ni 160 kwa 147, si uwiano mwepesi. Kompyuta hulazimika kukisia, kwa hesabu, vipimo ambavyo havikuchukuliwa kamwe. Hesabu ikifanywa vizuri, sikio halitambui lolote, na haki itendeke: kompyuta nyingi za leo huifanya vizuri. Ikifanywa ovyo, kwa programu duni au kompyuta iliyochoka, huzaliwa milio ambayo hakuna aliyeiimba. Kuondoa shaka hiyo hakugharimu hata senti moja. Katika Windows mpangilio huo umo ndani ya sifa za kifaa cha sauti. Katika kompyuta za Apple umo katika programu ya Audio MIDI Setup. Mtu atazame sifa za faili, kisha aiambie kompyuta ilifuate.

Wapo wanaoshauri vinginevyo: weka nambari kubwa kabisa, 96,000 au 192,000, na muziki utang'aa. Ushauri huu haufai. Kaseti ya kawaida aghalabu haivuki mitetemo 15,000 hivi kwa sekunde. Kuipimia kwa sampuli 96,000 ni kuchota kikombe cha maji kwa pipa. Dakika moja ya sauti ya njia mbili kwa kipimo cha diski hula baiti 10,584,000. Kwa sampuli 96,000 zenye biti 24 hula baiti 34,560,000. Shule yenye kompyuta mbili kuukuu haina nafasi ya kuhifadhi ukimya. Na kuhusu biti, 16 hutoa ngazi 65,536 za nguvu ya sauti, tofauti ya desibeli 96 hivi kati ya mnong'ono na ngurumo. Anayesikiliza chini ya paa la bati siku ya mvua ya Tukuyu hatafaidi hata nusu yake. Biti 24 zina kazi wakati wa kurekodi, ambapo fundi huhitaji nafasi ya kukosea. Katika kusikiliza tu hazina kazi kubwa.

Hata hivyo hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika kusikiliza. Imo katika kuhifadhi. Faili la sampuli 44,100 likiingizwa katika kazi ya sampuli 48,000 bila kugeuzwa, au likibandikwa alama isiyo yake, wimbo wa dakika 3 utakwisha kwa sekunde 165 hivi, na noti ya mitetemo 440 itapanda hadi 479 hivi. Hiyo ni karibu nusutoni moja na nusu. Kama faili hilo ndilo lililobaki, na kaseti imeshatupwa, mtafiti wa mwaka 2060 atapima uimbaji wa Rungwe na kuandika uongo kwa uaminifu wote. Kwa piano kosa lingegunduliwa upesi, maana piano ina kipimo kijulikanacho. Kwa ala za jadi, ambazo kila fundi huzipatanisha kwa sikio lake, hakuna wa kuuliza. Hugh Tracey, aliyezuru Tanganyika mwaka 1950 kurekodi muziki, alikuwa na desturi ya kupima milio ya ala kwa uma za chuma zenye mitetemo inayojulikana, na vipimo hivyo vikaandikwa kando ya rekodi. Desturi hiyo ingefaa kurithiwa. Mlio wa mitetemo 440 ukirekodiwa mwanzoni mwa kila faili, na idadi ya sampuli ikaandikwa katika jina lake, kosa lolote la baadaye litajulikana mara moja. Faili la kwanza liachwe kama lilivyo. Majaribio yafanywe juu ya nakala.

Walimu wa fizikia hawana haja ya kungoja vifaa vipya ili kufundisha jambo hili. Katika somo la mawimbi, darasa litengeneze mlio wa mitetemo 1,000 kwa sampuli 44,100, kisha liupige kana kwamba ni wa 48,000. Wanafunzi wakokotoe kwanza, watapata 1,088, halafu wasikilize.