Ukuta Nao ni Sehemu ya Studio

Mji wa Morogoro una sifa kubwa katika historia ya muziki wa Tanzania. Ndipo zilipovuma Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Katika miaka ya 1960 na 1970, mwanamuziki wa mji huo aliyetaka kurekodi kwa kawaida alisafiri hadi Dar es Salaam, kwenye studio za Radio Tanzania, au hata Nairobi. Leo kazi hiyo yaweza kufanywa katika chumba kimoja cha nyumba ya kuishi huko Kihonda.

Tatizo ni nafasi. Chumba cha mita tatu kwa tatu hujaa upesi, na njia iliyo wazi ni kupandisha vifaa ukutani. Uamuzi huo ni wa busara, lakini hauna budi kuongozwa na sayansi, kwa kuwa ukuta haubebi mzigo tu; nao hushiriki katika sauti.

Spika ikiwekwa sentimita 85 mbele ya ukuta, sauti nzito inayozunguka nyuma hugonga ukuta na kurejea ikiwa imechelewa. Kwenye mitetemo ipatayo 100 kwa sekunde, sauti hiyo hupingana na ile inayotoka mbele, zikapunguzana. Spika ikisogezwa karibu kabisa na ukuta, kasoro hiyo huhamia kwenye sauti nyembamba zaidi, ambazo spika huzielekeza zaidi mbele. Hiyo ni faida ya kutundika. Hasara yake ni kwamba ukuta huikuza sauti nzito kwa kiasi kifikiacho desibeli 6, na kona ya kuta mbili huzidisha hali hiyo. Mchanganyaji asiyelitambua hilo hupunguza besi kupita kiasi, na wimbo wake ukipigwa kwingine husikika umekonda.

Kwa hiyo spika zikae mbali na kona, zilingane na masikio ya msikilizaji, na besi ipunguzwe kwenye spika zenyewe pale zinaporuhusu. Skrubu zishike tofali, si lipu pekee. Dari nyepesi isibebeshwe kitu. Mpira uwekwe kati ya chuma na ukuta ili mtetemo usiwafikie majirani. Vikuza sauti navyo viachiwe nafasi ya kupitisha hewa, maana joto la Morogoro halisamehe vifaa vilivyobanana.

Haya hayahitaji fedha nyingi za kigeni. Vishikizo vya chuma vyaweza kuchomelewa na mafundi wa papo hapo, na VETA ina chuo Kihonda kwenyewe. Ingefaa mafunzo ya uchomeleaji yaambatane na somo fupi la tabia za sauti. Kijana aliyewekeza akiba yake yote katika chumba kimoja hastahili kuokoa nafasi ya sakafu kwa kupoteza ubora wa kazi, au kwa kuponyokwa na spika kichwani.