Tuwarudishie Wasomaji Upande wa Kulia wa Video

Ndugu zangu mnaotunza kurasa za Kiswahili mtandaoni, za shule, za zahanati, za parokia na misikiti, za vikundi vya mtaa: chukueni simu ya bei nafuu, ile anayotumia mama au shangazi, mfungue ukurasa wenu penye video. Je, inaonekana yote?

Nauliza kwa sababu ya jambo nililoliona nyumbani kwa shangazi yangu. Mjukuu wake alikuwa anaharisha. Mkwe wake akafungua ukurasa wa afya ulioandikwa kwa Kiswahili kizuri kabisa, wenye video ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Maelezo yalipita kwa maandishi makubwa juu ya picha, bila sauti. Maji safi, lita... Sukari, vijiko vya chai... Chumvi, kijiko cha chai... Hapo ndipo kioo cha simu kilipoishia. Maji ni lita moja, sukari vijiko sita bapa, chumvi kijiko nusu. Na kwa kuwa lugha yetu huweka idadi mwisho, kilichokatwa upande wa kulia kilikuwa kipimo chenyewe. Chumvi ikizidi, maji hayo humdhuru mtoto. Tulimpigia muuguzi anayeishi jirani, akatutajia.

Aliyeweka video ile hakuzembea. Alifanya kama tunavyofanya wengi: alinakili msimbo wa kupachika unaotolewa na YouTube, akaubandika. Msimbo huo kwa kawaida huja na vipimo vyake, upana pikseli 560 na kimo 315. Kwenye kompyuta ya ofisini video inakaa vizuri, hata inaonekana ndogo. Lakini simu nyingi za bei nafuu huhesabu upana wa 360. Pikseli 200 zinabaki nje, zaidi ya theluthi ya picha. Kurasa nyingine huziacha zining'inie, ukurasa mzima ukawa unayumba kushoto na kulia kila ukigusa kwa kidole. Nyingine huzifyeka kimya kimya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana msomaji hajui kama kuna alichokosa.

Wengi wakianza kurekebisha hubadili upana kuwa asilimia 100 na kuacha kimo palepale, 315. Picha inaonekana yote, ila juu na chini hubaki mikanda myeusi, kwa sababu video yenye upana wa 360 inahitaji kimo cha 202 na nusu tu. Cha kushikilia ni uwiano, na kwa video nyingi za siku hizi uwiano huo ni 16 kwa 9. Tangu 2021 vivinjari vikubwa vyote vinaelewa agizo moja, ambalo unaliongeza ndani ya msimbo uleule: style="width:100%; height:auto; aspect-ratio:16/9". Video za zamani, zenye umbo la televisheni ya kale, ziandikieni 4/3. Iliyopigwa kwa simu iliyosimama wima ni 9/16, nayo iwekeeni ukomo wa upana, la sivyo kwenye kompyuta itarefuka kupita kioo.

Hata hivyo, simu kwetu hupita mikono mingi kabla ya kufa, na kivinjari chake huenda hakijasasishwa miaka na miaka. Kwa hizo ipo njia aliyoichapisha Thierry Koblentz mwaka 2009 katika jarida la A List Apart. Video hutandazwa juu ya kisanduku kisicho na kimo chake, chenye padding-bottom, yaani nafasi ya ndani upande wa chini, ya asilimia 56.25. Namba hiyo ni 9 ukigawanya kwa 16. Nafasi hiyo ikiandikwa kwa asilimia hupimwa kutoka upana, si kimo. Kwa hiyo kisanduku kikibanwa ubavuni, nacho hupungua kimo kwa uwiano uleule, na video inafuata. Ni kazi ya mikono safi sana, na bado inafanya kazi.

Angalieni pia kama kichwani mwa ukurasa mna agizo la width=device-width. Bila hilo simu huuchora ukurasa kwa upana wa kompyuta, kisha huusinyaza wote mpaka herufi zinakuwa kama sisimizi.

Naomba tutenge Jumamosi moja. Tuanze na video zenye vipimo: za dawa, za mbolea, za uji wa lishe. Kama huna ukurasa ila umekutana na video iliyokatwa, mwandikie mwenyewe kwa upole na umtumie picha ya kioo cha simu yako. Mimi nilimwandikia mwenye video ya maji ya chumvi na sukari. Alijibu siku ileile, akaniomba nizifungue na zile nyingine zote kwa simu ya shangazi.