Wametia sahihi Washington. Na barabara ya Manguredjipa?

Siku ya posho imefika, na radio haijapumzika. Tarehe 4 desemba 2025 Rais Tshisekedi na Rais Kagame walitia sahihi Washington mbele ya Trump. Tarehe 10, M23 wakaingia Uvira. Wino haujakauka! Wandugu wa Uvira, poleni sana. Wa Goma mulitangulia tangu januari.

Lakini niulize jambo la hapa kwetu. Washington ni Kinshasa na Kigali. Doha ni serikali na AFC/M23. Wenye kutuua huku Beni na Lubero ni ADF, na hao hawako kwenye meza hata moja. Sisemi waitwe. Mutu mwenye kukata watu na panga kwenye matanga, sawa vile Ntoyo mwezi wa septemba, watu zaidi ya 60, utaongea naye nini? Mwezi wa novemba walifika mpaka kituo cha afya cha Byambwe, wakaua hata wagonjwa.

Watatujibu: muko na état de siège. Ndiyo, tangu mei 2021. Na askari wa Uganda wako hapa tangu novemba ya ule mwaka. Kazi walifanya, sikatai. Lakini waasi walipofukuzwa kando ya Beni wakasogea magharibi, waliangukia fasi gani? Kwenye mashimo yetu, Bapere.

Mwaka 2025 onsi ya zahabu, ni kusema gramu 31, ilipita dola 4000. Gramu moja ilikuwa karibu dola 130 kule ulaya. Papa mwenye kushuka shimoni hazioni. Kuko barieri za njiani, kuko mnunuzi wa Butembo, kisha zahabu inavuka mpaka kimya kimya kwenda Kampala. Na mama mwenye kubaki nyumbani iko na hesabu yake: siku ngapi simu ya bwana haipiti.

Ile siku ya 4, Kinshasa na Marekani walipatana pia juu ya madini. Vizuri. Basi wabunge wetu waulize: hiyo feza italipa askari wangapi wa kulala kwenye barabara ya Manguredjipa, si wa kupita muchana tu? Na zile fasi ambazo sheria inasema waziri atawatengea wachimbaji wadogo, huku kwetu ziko wapi?

Waulize mapema, mbele warudie kutuomba kura. Desemba 2018 walisema Ebola inakataza Beni na Butembo kuchagua rais, na masoko yalikuwa wazi. Tulipiga kura machi 2019, rais amekwisha kuapa.