Saidi wa Mogadishu na Ushahidi Wake

Hivi karibuni nilialikwa Hagadera, Kaunti ya Garissa, kupitia muswada wa kitabu cha watoto. Mwandishi wake ni mwalimu kijana aliyezaliwa papo hapo kambini. Kitabu chaeleza maisha ya Saidi wa Mogadishu, mwanachuoni aliyezunguka dunia zaidi ya miaka 600 iliyopita. Ibn Battuta twamjua, maana alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Huyu Saidi, wengi wetu hata jina hatujalisikia.

Muswada ulikuwa wa kurasa 40. Humo Saidi ni balozi wa Mogadishu nchini China, tena mfalme ampokea kwa zawadi. Nikauliza: haya umeyapokea kwa nani? Akanionyesha makala, iliyotegemea makala nyingine, nayo ikategemea nyingine. Tulipofika mwisho wa mnyororo tulimkuta mtu mmoja tu, Ibn Battuta, na mistari yake michache.

Na asemaje? Kwamba alipopita pwani ya Malabar, karibu na mwaka 1342, alimkuta katika msikiti wa Hili faqihi mwema wa Mogadishu, mwenye kufululiza saumu. Akaambiwa kuwa faqihi huyo alikaa Makka miaka 14 na Madina miaka kama hiyo, akamdiriki Abu Numayy, amiri wa Makka, na Mansur bin Jammaz wa Madina, kisha akasafiri Bara Hindi na China. Basi. Ubalozi haumo, wala zawadi.

Sisi ambao hadithi ya Mtume (s.a.w.) hatuipokei bila kuuliza isnadi, mbona habari za wazee wetu twazimeza hivi hivi? Wachapishaji nao walipenda mno neno "balozi"!

Mwalimu hakufurahi. "Mzee," aliniambia, "nyinyi huko pwani mna misikiti ya babu zenu na makaburi yao. Mtoto wa hapa ana nini? Nawe waja kumpunguzia." Neno hilo lilinichoma, nami sikuwa na jibu la haraka.

Jibu tulilipata usiku, tukihesabu miaka. Abu Numayy alifariki mwaka 1301. Basi Saidi alikuwa Makka kabla ya hapo, na Ibn Battuta alimkuta miaka 40 na ushei baadaye: mzee, yamkini wa miaka 60 au zaidi, mbali na kwao, naye angali akifunga. Msikiti wa Hili ulikuwa na jiko la kuwalisha wasafiri na maskini, na wanafunzi wakipewa posho. Hayo hayakuwamo katika muswada hata kidogo. Mwalimu aliyasoma mara mbili, akasema posho watoto wake wataielewa bila maelezo.

Sasa zimebaki kurasa 12. Ukurasa wa balozi ulikuwa na picha nzuri ya jahazi. Ameomba ibaki, nami nimekubali, kwa kuwa Hili ilikuwa bandari.