Kishikio cha gia hakinunuliwi kwa kung'aa

NJIA YA LUAMA
Na Mwalimu Ramazani

Anayesukuma magunia kwa miguu kutoka Kabambare hadi Kasongo hana haja ya gia. Kinga yake, yaani baiskeli, haipandwi, inasukumwa, na kihamisha cheni kinachoning'inia nyuma kitanasa majani na kupinda kabla hajauona mto Luama. Phoenix yake ya Kichina inamtosha. Safu hii ni ya anayepanda: mwalimu, muuguzi, katekista, wenye kinga kuukuu ya Ulaya yenye gia, ambao kishikio chao kimevunjika na sasa wanachambua rundo la vipuri sokoni.

"Papa, hiki kitaingia?" kijana anamuuliza fundi.

"Kuingia kitaingia. Kufanya kazi ni habari nyingine."

Fundi amesema kweli. Usukani wa kinga nyingi una unene wa milimita 22.2 pale unaposhikwa, kwa hiyo karibu kila kishikio kinakaa. Ugomvi uko kwenye waya. Zamani uliburuta kishikio taratibu mpaka usikie cheni imetulia; mkono na sikio ndio vipimo. Mwaka 1984 Shimano ya Japani ilileta vishikio vya vituo: kila "tak" moja inavuta waya kipimo chake, na cheni inahama gia moja. Raha tupu, ilimradi kishikio na kihamisha cheni ni vya ukoo mmoja. Vishikio vingi vya SRAM ya Marekani huvuta waya mwingi zaidi kwa kila kituo. Ukikifunga kimoja kwenye kihamisha cheni cha Shimano, cheni itaruka hovyo. Hesabu ya gia nayo ina maneno. Sahani za gia 6 za kizamani zimeachana zaidi kuliko za gia 9, basi kishikio cha 9 hapo ni hasara, hata kiwe kipya namna gani.

Ndiyo maana nawaambia: tafuteni kile cha kizamani kisicho na mlio. Kinakubali 5, 6 au 7, Shimano au chochote. Vijana wanakidharau, na hiyo ni heri yenu, maana bei inashuka.

Msikichanganye na chenye vituo kilichonyamaza. Hicho mara nyingi hakijafa. Grisi ya ndani imekauka, vidole vyake havishiki. Mafuta ya taa kidogo, kisha mafuta mepesi ya mashine, na kinaweza kuamka. Mimi nisingelipa bei kamili kwa tumaini hilo, lakini nisingekitupa.

Lawama yangu ni kwa wauzaji. Mnavua kishikio, mnakata waya kwa koleo, kihamisha cheni mnakitupa rundo jingine. Acheni waya ulivyo, uzeni viwili pamoja, na mdai hata robo zaidi. Mwalimu mwenye akili atalipa.