KODI JUU, KUVU NDANI



Huko Mukendo, mjini Musoma, kando ya Ziwa Victoria, mpangaji hudaiwa kodi ya miezi kabla hajalala usiku mmoja. Masika yakiingia bati huvuja, ukuta hulowa, kuvu huota. Akilalamika huambiwa: “Fungua dirisha!”

Hatukatai, mpangaji afungue dirisha, wala asianike nguo chumbani. Lakini twauliza: dirisha laziba bati? Ufagio wazuia maji yapandayo kutoka msingini?

Sheria ya Ardhi ya Bara ya 1999 yamtaka mwenye nyumba aikodishe ikiwa yafaa kukaliwa na binadamu, na aitunze hivyo. Shirika la Afya Duniani lilionya mwaka 2009 kwamba unyevu na kuvu nyumbani huzidisha pumu. Hata hivyo, sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, na mnyonge akaachwa abishane na mwenye funguo.

Nasi wa visiwani, wenye kuta za mawe na chokaa zinywazo maji, tusidhani hayo ni ya Bara tu. Tudai mikataba ya maandishi, na matengenezo yatajwe humo. Alaye kodi na aezeke paa!