Nyuso Zisizo na Macho: Maoni Kuhusu Kutazama Picha Darasani

Mwalimu aingiapo darasani na picha, swali lake la kwanza aghalabu huwa: "Hii ni picha ya nini?" Wanafunzi hunyosha mikono, mmoja hupata jibu, wenzake humpigia makofi, na picha hurudishwa kabatini. Ni maoni yetu kwamba picha hiyo haikutazamwa. Imetajwa jina tu.

Yafaa tuwaeleze wanachuo kosa tulilolitenda sisi wenyewe tulipokuwa tukifundisha darasa la nne. Siku moja ya masika tuliwaagiza wanafunzi wachore watu waendao sokoni wakati wa mvua. Msichana mmoja alichovya brashi, akapiga madoa ya rangi yaliyoinama yote upande mmoja, na chini ya kila doa akaweka mistari miwili ya miguu. Hapakuwa na uso hata mmoja wenye macho. Tukaandika kwa wino mwekundu: "Kazi haijakamilika. Macho na pua viko wapi?" Tukampa alama tatu katika kumi. Tangu siku hiyo mtoto yule alichora watu wenye macho mawili, pua moja na vifungo vitano vya shati, wote wakitazama mbele kana kwamba wanapigwa picha ya kitambulisho. Alama zake zilipanda. Ilipita miaka kadhaa kabla hatujatambua tulichomnyang'anya.

Tulitambua hayo tulipokuta katika kitabu cha sanaa nakala ya picha ya rangi za maji iitwayo Umbrellas in the Rain, yaani "Miamvuli Mvuani". Aliichora Maurice Prendergast, mchoraji wa Boston, Marekani, alipokuwa Venice, Italia, mwaka 1899. Siku hizi imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Boston. Ndani yake umati wa watu unavuka daraja la mawe wakati wa mvua. Juu ya vichwa vyao imejipanga miamvuli ya rangi mbalimbali, na sakafu iliyolowa inarudisha rangi hizo kama kioo kilichofifia.

Ukiisogelea nakala hiyo, watu hutoweka. Yabaki madoa ya rangi, mistari michache ya penseli, na karatasi tupu. Ukirudi nyuma hatua tatu au nne, watu hurejea, nao wanatembea. Nyuso zao nyingi ni alama ndogo za brashi tu. Hata hivyo hakuna awezaye kusema kwamba hao si watu, au kwamba hawana haraka ya kufika waendako.

Je, Prendergast alishindwa kuchora macho? La hasha. Katika miaka ya 1890 alisoma Paris, katika vyuo ambako wanafunzi walichora mwili wa binadamu kwa kumtazama mtu aliye mbele yao. Aliacha macho kwa kusudi. Mtu atazamaye umati mvuani hahesabu macho. Huona rangi, mwendo na mng'aro wa maji. Rangi za maji zinafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa hukauka upesi na hazifutiki kwa urahisi. Tena ni nyepesi, hata weupe wa karatasi hupenya na kuwa ndiyo nuru ya picha.

Wachoraji wa Ufaransa waliotangulia katika njia hii walidhihakiwa. Walipofanya maonyesho yao ya kwanza mjini Paris mwaka 1874, mhakiki mmoja alichukua jina la picha ya Claude Monet na kuligeuza kuwa kejeli, akidai kwamba kazi zao hazijakamilika. Kwa wino wetu mwekundu, sisi nasi tuliketi upande wa mhakiki yule.

Basi mwanachuo afanye nini awapo katika mazoezi ya kufundisha? Kwanza, aibandike picha mahali ambapo wote wataiona, kisha aache dakika mbili za ukimya. Ikiwa nakala ni ndogo, aizungushe kwa vikundi. Pili, aulize maswali yasiyo na jibu moja: Jicho lako limefika wapi kwanza? Mvua hii ni ya rasharasha au ya kumwaga? Umejuaje? Tatu, awaite wanafunzi wawili waitazame kwa karibu, kisha kwa mbali, wawaeleze wenzao kilichobadilika. Nne, awatoe nje wakatazame watu wapitao njiani, na kila mmoja achore kwa muda mfupi kile tu alichokiona. Pasipo na rangi za dukani, mkaa uliosagwa na bizari ya manjano iliyokorogwa kwa maji vyatosha kuanzia.

Huenda mwanachuo akauliza: je, tukubali kila doa kuwa ni sanaa? Hapana. Yupo mtoto apakaye ovyo ili kipindi kiishe. Lakini njia ya kumtambua ni kumwuliza. Laiti tungalimwuliza msichana yule kwa nini madoa yake yameinama, pengine angalitujibu kwamba upepo ulikuwa ukivuma. Naye aliyepaka ovyo hana la kujibu, na hapo ndipo mwalimu amrudishe akatazame tena.

Wengine watasema kwamba picha ya Venice ni ngeni kwa watoto wetu. Daraja lile ni geni kwao, ndiyo. Ila mvua, haraka na msongamano wa miamvuli wanavijua vizuri kutushinda sisi tulio na ofisi. Watoto wakishaitazama picha ile, wataitazama kwa macho mapya njia yao wenyewe iendayo shuleni.

Ndugu wanachuo, alama ya mwalimu ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mtoto huiamini kuliko macho yake mwenyewe. Kabla ya kuandika "haijakamilika", rudi nyuma hatua tatu, itazame kazi ile kwa mbali, kisha mwulize mwenyewe alikuwa anaona nini.